Saa ya Tisa Haina Bei ya Saa ya Nane: Kukokotoa Malipo ya Saa za Ziada California

Haya ni maneno kamili ya hotuba niliyoitoa mbele ya wafanyakazi wazungumzao Kiswahili waliokusanyika City Heights, San Diego. Nimeyaweka yote kwa ajili ya ndugu ambao jioni ile walikuwa zamuni. Michoro iliyoonyeshwa ukutani nimeiacha, kwa kuwa hesabu zenyewe zimo ndani ya maneno.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, kaka zangu na dada zangu, nawasalimu nyote, kila mmoja kwa salamu ya dini yake na ya kwao.

Nikitazama ukumbi huu naona watu wa Mombasa na wa Kilwa, wa Bukavu na Uvira, wa Bujumbura, na vijana waliokulia Kakuma na Nyarugusu. Naona wanaofua mashuka ya hoteli, wanaopanga mizigo kwenye maghala ya Otay Mesa, walinzi, wapishi, madereva, na wanaowahudumia wazee majumbani. Mnatofautiana katika mengi, lakini wengi wenu mmeunganishwa na jambo moja: mnalipwa kwa saa. Mnachouza ni muda wenu. Sasa niwaulize: mvuvi aliyeleta samaki wake sokoni atamwachia mnunuzi ashike mizani, apime mwenyewe, ataje bei mwenyewe, kisha yeye apokee fedha bila kuzihesabu na aende zake? Hatafanya hivyo. Basi kwa nini sisi tunafanya hivyo na saa zetu?

Mimi si wakili. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuandaa mishahara ya watu, na nimekuja na kile ninachokijua, yaani hesabu. Ninataka mtoke hapa mkiwa na mambo mawili ambayo hamtayasahau. La kwanza, katika jimbo hili hesabu ya saa za ziada huanza na siku. Haianzi na wiki. Huanza na siku. La pili, kiwango kinachozidishwa si lazima kiwe kile ulichotajiwa siku ya kuajiriwa. Mara nyingi ni kikubwa zaidi. Mengine yote nitakayoyasema yanatokana na hayo mawili.

Nianze na chanzo cha mkanganyiko. Marekani ina sheria ya shirikisho ya viwango vya kazi, aliyoitia saini Rais Franklin Roosevelt mwaka 1938, na sheria hiyo inasema kwamba mfanyakazi anayepita saa 40 kwa wiki alipwe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi. Haisemi lolote juu ya urefu wa siku. Ndiyo sababu ndugu zetu wa Texas na Ohio wanajua namba moja tu, 40, na wanapohamia hapa wanakuja nayo na kutufundisha sisi. Waliowahi kufanya kazi Tanzania nao wana namba zao kichwani: saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, kwa mujibu wa sheria ya ajira ya mwaka 2004. Namba zote hizo ni sahihi mahali pake. Hapa si mahali pake.

Hapa California kipo kifungu cha 510 cha Sheria ya Kazi ya jimbo. Nisikilizeni taratibu. Ukipita saa 8 katika siku moja ya kazi, kila saa inayofuata hulipwa mara moja na nusu ya kiwango chako. Ukipita saa 12 katika siku hiyo hiyo, kila saa inayofuata hulipwa maradufu. Ukipita saa 40 za kawaida katika wiki ya kazi, ni mara moja na nusu tena. Na ukifanya kazi siku zote 7 za wiki moja ya kazi, saa 8 za kwanza za siku ile ya saba ni mara moja na nusu, na zinazozidi hapo ni maradufu.

Wala msidhani kwamba hesabu hii ya siku ni hisani ya meneja fulani au desturi ya kampuni kubwa tu. Mwaka 1997 tume ya jimbo iliyokuwa ikipanga masharti ya kazi iliamua kuiondoa katika sekta kadhaa kubwa, na tangu mwanzo wa 1998 wafanyakazi wengi wakabaki na ile 40 peke yake. Bunge la jimbo likairudisha kwa sheria ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Ilichukuliwa, ikadaiwa, ikarudi. Kitu kilichorudishwa kwa kudaiwa hakifai kuachwa mezani na yule aliyerudishiwa.

Sasa niwape kisa. Dada mmoja anafanya kazi katika dobi la hoteli kwa dola 20 kwa saa. Wiki moja ya msimu wa watalii wenzake wawili hawakuwepo, naye akafanya saa 14 Jumatatu, saa 14 Jumatano na saa 10 Ijumaa. Jumla ni saa 38. Akalipwa dola 760, yaani 38 mara 20, na alipouliza akajibiwa, "Dada, hukufika 40." Akaridhika. Wangapi kati yetu tungeridhika?

Tuhesabu pamoja. Jumatatu: saa 8 za kawaida, kisha saa 4 za mara moja na nusu, kisha saa 2 za maradufu. Jumatano ni vivyo hivyo. Ijumaa: saa 8 za kawaida na saa 2 za mara moja na nusu. Zikusanyeni. Saa za kawaida ni 24, kwa dola 20 zinatoa 480. Saa za mara moja na nusu ni 10, kwa dola 30 zinatoa 300. Saa za maradufu ni 4, kwa dola 40 zinatoa 160. Jumla ni dola 940. Dada huyu alipunjwa dola 180 katika wiki ambayo hakufika 40. Hakufika 40, na bado alikuwa na saa 14 za ziada! Hilo ndilo ninalotaka likae vichwani mwenu: anayeuliza kwanza "umefika 40?" ameanzia mwisho wa hesabu.

Lakini haki ina pande mbili, na hesabu lazima iwe ya kweli kwa mwajiri pia. Saa moja haihesabiwi ziada mara mbili. Ukifanya siku nne za saa 10 na siku ya tano saa 6, jumla ni 46. Kwa siku umepata saa 8 za ziada, yaani 2 mara 4. Zilizobaki, za kawaida, ni 38, hazijapita 40. Kwa hiyo za wiki hakuna. Jibu ni 8. Si 6 kama anavyodhani anayehesabu wiki peke yake, wala si 14 kama anavyodai anayejumlisha zote mbili. Ndiyo maana nasema tenganisheni kwanza siku kwa siku, kisha zile za kawaida tu ndizo mzipeleke kwenye 40.

Niongeze neno kwa walinzi na wote wa zamu za usiku, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wengi wakipotea, hata wanaojua kuhesabu. Sheria inaposema siku ya kazi inamaanisha saa 24 mfululizo zinazoanza muda ule ule kila siku, na mwajiri ndiye anayechagua muda wa kuanzia. Kampuni nyingi huanzia saa 6 usiku. Tumchukue mlinzi anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, Jumatatu, Jumanne na Jumatano usiku. Mapumziko ya chakula tuyaache kando kwa sasa. Zamu 3, saa 36. Siku ikianza saa 6 usiku, Jumatatu ana saa 6. Jumanne ana saa 6 za alfajiri na 6 za jioni, jumla 12, kwa hiyo 4 ni za ziada. Jumatano vivyo hivyo, 4 nyingine. Alhamisi 6. Jumla ya ziada ni saa 8. Lakini kama kampuni inaanzia siku yake saa 6 mchana, kila zamu inaangukia ndani ya siku moja, na kila zamu ina saa 4 za ziada, jumla 12. Kazi ni ile ile, usiku ni ule ule, na tofauti ni saa 4 za ziada. Wapo walinzi wanaodhani kwamba zamu ikivuka saa 6 usiku hawana ziada kabisa, na wapo wanaodhani kila zamu lazima iwe na 4. Wote wanakisia. Ulizeni: siku yetu ya kazi huanza saa ngapi? Wiki yetu huanza siku gani? Mwajiri akishapanga, hana ruhusa ya kuihamisha hamisha ili kukwepa malipo.

Na swali hilo la wiki ndilo linaloamua siku ya saba. Kaka mmoja wa ghala alinijia akiwa na hakika kwamba anadai, kwa kuwa alifanya kazi siku 11 mfululizo bila kupumzika. Tulipotazama, wiki ya kampuni yake huanza Jumapili. Alianza Jumanne, akafanya siku 5 hadi Jumamosi. Wiki iliyofuata akafanya siku 6, Jumapili hadi Ijumaa. Mwili wake ulichoka kwa siku 11, lakini katika wiki yoyote ile hakuna siku ya saba. Mahakama ya Juu ya California ililieleza jambo hili mwaka 2017: siku ya mapumziko huhesabiwa ndani ya wiki ya kazi iliyopangwa, haifuati mfululizo unaovuka wiki. Niliona uchungu kumwambia, na bado naona sheria ingeweza kumtendea vema zaidi. Ila ni afadhali alisikie kwangu kuliko kulisikia mbele ya afisa. Siku ya sita ya wiki ile ya pili, hata hivyo, ilimpitisha 40, na hilo alilipwa.

Kuna wanaohesabiwa tofauti, nami nitawapitia upesi. Mahali ambapo wafanyakazi wamepiga kura ya siri na theluthi mbili wakakubali, mwajiri anaweza kupanga siku za saa 10 bila ziada, na katika huduma za afya hata siku za saa 12. Mkiambiwa hivyo, ulizeni kura ilipigwa lini, maana matokeo yake hupelekwa serikalini. Kauli ya msimamizi si kura. Wanaohudumia wazee au wagonjwa katika nyumba za watu binafsi, wakiajiriwa na familia au wakala, namba zao kwa kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, chini ya sheria iliyoanza mwaka 2014. Wanaolipwa kupitia mpango wa jimbo wa kuwahudumia watu majumbani wanafuata ile 40 ya shirikisho. Na wa mashambani, walioachwa nje kwa miongo mingi, waliingizwa hatua kwa hatua kwa sheria ya mwaka 2016. Tangu 1 Januari 2025 hata mashamba madogo yanafuata saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki.

Ndugu zangu, tuingie kwenye jambo la pili, ambalo halionekani kwa urahisi na ndiyo maana linagharimu watu zaidi. Mara moja na nusu ya nini?

Wengi mtajibu: ya kiwango changu cha saa. Sheria inasema ya kiwango cha kawaida cha malipo, na kiwango hicho kinakusanya karibu kila kitu unachopewa kwa ajili ya kazi: nyongeza ya zamu ya usiku, kamisheni, bonasi ya mahudhurio, bonasi ya kumaliza mzigo. Vinavyobaki nje ni vichache: zawadi ya sikukuu anayoitoa mwajiri kwa hiari yake, fedha za kurudishiwa gharama kama mafuta ya gari, na malipo ya siku ambazo hukufanya kazi, kama likizo na ugonjwa. Kama bonasi iliahidiwa kwako kwa sharti la kutimiza jambo fulani, hiyo si zawadi. Umeifanyia kazi.

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya kiwanda kilichokuwa kikiwapa wafanyakazi dola 15 kwa kila siku ya Jumamosi au Jumapili waliyokamilisha zamu. Kiwanda kilikuwa kikizigawa fedha hizo kwa saa zote za wiki, za kawaida na za ziada, hata thamani ya bonasi kwa kila saa ikapungua kila mfanyakazi alipozidisha kazi. Mahakama ikasema hapana: bonasi ya kiasi kisichobadilika igawanywe kwa saa za kawaida tu alizofanya, kisha izidishwe kwa moja na nusu kwa kila saa ya ziada.

Tuifanye hesabu hiyo kwa namba zetu. Mama mmoja anapata dola 20 kwa saa. Anafanya siku 5 za saa 10, Jumatano hadi Jumapili: saa 40 za kawaida na 10 za ziada. Anapewa dola 30 kwa kila siku ya mwisho wa wiki, jumla 60. Gawanya 60 kwa 40, unapata dola 1.50. Zidisha kwa moja na nusu, unapata 2.25. Kwa hiyo kila saa yake ya ziada si dola 30; ni dola 32.25. Saa 10 ni dola 322.50. Hati yake ya mshahara ilionyesha 300. Dola 22.50 kwa wiki zinaonekana ndogo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu hakuna anayegombana na mwajiri wake kwa dola 22. Zidisheni kwa wiki 50. Ni dola 1,125. Je, dola 1,125 ni ndogo kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba San Diego?

Kiini chake ni kwamba mama huyu hakuwa na namna ya kuuona upungufu kwa kutazama hati. Saa zilikuwa sahihi. Bonasi ilikuwepo. Mstari wa ziada ulikuwepo na ulisomeka 10 mara 30. Kila kitu kilionekana kimekamilika. Asingeuliza "mara moja na nusu ya nini?" angeendelea hivyo hadi kustaafu.

Na wale wenye kazi mbili ndani ya kampuni moja? Kijana mmoja anasafisha vyumba kwa dola 19 na anaendesha gari la wageni kwa dola 25. Wiki moja alisafisha saa 30 na kuendesha saa 20. Saa 10 kati ya hizo 50 zilikuwa za ziada. Mwajiri akamlipa ziada kwa kiwango cha chini, eti kwa kuwa kazi yake "hasa" ni kusafisha. Hesabu sahihi ni kukusanya: 30 mara 19 ni 570, 20 mara 25 ni 500, jumla 1,070. Gawanya kwa saa 50, kiwango chake cha wiki ile ni dola 21.40. Zile 1,070 tayari zimelipa kila saa mara moja. Kinachobaki ni nusu ya 21.40, yaani 10.70, kwa kila saa ya ziada, hivyo dola 107. Alistahili 1,177. Ila muelewe kwamba hii ni kwa mwajiri mmoja. Ukifanya saa 8 hoteli moja na saa 6 kwa mwajiri mwingine asiyehusiana naye, saa hizo hazijumlishwi, ingawa miguu yako imezijumlisha.

Sasa tutazame saa zenyewe. Ni zipi zinazoingia kwenye hesabu?

Nitawaeleza kesi inayojulikana na wengi, ya kampuni ya kahawa ya Starbucks, iliyoamuliwa na mahakama hiyo hiyo mwaka 2018. Mfanyakazi mmoja, msimamizi wa zamu, alikuwa akibonyeza mashine ya kutoka kazini, kisha anatuma takwimu za mauzo ya siku kwa kompyuta, anawasha king'ora, anafunga mlango na kuwasindikiza wenzake hadi kwenye magari yao. Dakika 4, wakati mwingine 10. Kwa miezi 17 zikafika saa 12 na dakika 50, ambazo kwa kima cha chini cha wakati ule, dola 8 kwa saa, zilikuwa dola 102.67. Kampuni ilisema ni kidogo mno kustahili kuhesabiwa. Mahakama ikakataa, na katika uamuzi wake ikataja vitu ambavyo kiasi hicho kinaweza kulipia: bili moja ya nyumbani, chakula cha wiki nzima, au nauli ya basi ya mwezi. Majaji waliandika nauli ya basi katika uamuzi wao. Nilipousoma nilifarijika, kwa sababu ndivyo tunavyohesabu sisi tunaolipwa kwa saa.

Mwaka 2020 mahakama hiyo iliamua vilevile kwamba muda wa kusubiri kukaguliwa mkoba kabla ya kutoka dukani, mwajiri anapolazimisha ukaguzi huo, ni muda wa kazi. Na mwaka 2015 ilikuwa imeamua kwamba mlinzi anayetakiwa kulala eneo la kazi akiwa tayari kuitikia, saa zake za kusubiri ni za kazi, na katika zamu za saa 24 muda wa kulala haukatwi tu.

Kwa nini nayaleta haya katika mazungumzo ya ziada? Kwa sababu dakika hizo karibu kila mara huja mwishoni mwa siku, baada ya saa ya nane. Bei yake si ya kawaida. Dakika 15 za kusubiri ukaguzi kila siku kwa siku 5 ni saa moja na robo. Kwa anayepata dola 20 na aliyekwisha kutimiza saa 8 kila siku, hizo ni dola 37.50 kwa wiki.

Vivyo hivyo nusu saa ya chakula. Ukifanya zaidi ya saa 5 una haki ya nusu saa ambayo huna jukumu lolote, na zaidi ya saa 10 kwa kawaida una haki ya nusu saa ya pili. Kampuni nyingi zimepanga kompyuta ikate nusu saa hiyo kila siku, upumzike usipumzike. Kama ulikula ukiwa umesimama, mkono mmoja kwenye simu ya kazi, nusu saa ile ni ya kazi. Ikiwa inakupitisha saa 8, ni ya ziada. Na juu yake unadai malipo ya saa moja kama fidia ya kunyimwa mapumziko. Tangu uamuzi wa mwaka 2021 fidia hiyo nayo hutumia kiwango kile chenye bonasi ndani yake.

"Lakini msimamizi alisema hakuna ziada bila ruhusa." Anaweza kusema hivyo, na anaweza hata kukuonya kwa kutofuata. Hawezi kukataa kulipa kazi aliyoiona ikifanyika, au aliyopaswa kuijua. "Lakini alisema fanya 10 leo, kesho utoke mapema." Kesho ni kesho. Saa 2 za leo ni za leo. "Lakini wanakusanya wiki mbili pamoja." Kila wiki inasimama peke yake.

Nimefika kwenye swali ambalo najua mmelikalia muda wote: nikigundua nimepunjwa, nifanyeje, na nitabaki salama?

Kijana mmoja wa jikoni alikuwa ametia saini karatasi kwamba anakubali dola 18 kwa kila saa, "bila kujali idadi ya saa." Alikaa kimya miaka miwili kwa sababu ya saini ile. Alijiona mtu wa heshima, na mtu wa heshima hutunza neno lake. Naiheshimu tabia hiyo. Wazazi wetu walitulea hivyo. Lakini kifungu cha 1194 cha Sheria ile ile ya Kazi kinasema wazi kwamba mfanyakazi anadai ziada yake yote hata kama alikubali kulipwa pungufu. Karatasi ile haikuwa na nguvu siku aliyoitia saini wala siku yoyote baadaye. Hakuvunja neno alipodai. Neno lenyewe halikuruhusiwa kuombwa.

Anayetaka kudai aanze kwa kuandika saa zake mwenyewe, kila siku, kabla ya kulala. Na andikeni kama mashine inavyoandika, 7:00 na 19:30, wala si saa 1 na saa 1 na nusu, kwa maana karatasi hiyo huenda ikasomwa na afisa asiyejua saa zetu, na tofauti ya saa 6 itaharibu ushahidi wenu wote. Pili, ombeni kwa maandishi nakala ya kumbukumbu za mishahara yenu. Mwajiri ana siku 21 za kuwapa. Tatu, ziada inapaswa kulipwa kabla ya siku ya malipo ya kipindi kinachofuata kupita, ikipita, imechelewa. Nne, madai hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi wa California bila ada na bila kulazimika kuwa na wakili, na mkalimani hutolewa bure. Ombeni mkalimani wa Kiswahili. Msiende na mtoto wa shule kuwatafsiria.

Mnadai ziada ya miaka 3 iliyopita, na mahakamani inaweza kufika 4. Hesabuni maana yake: kila wiki mnayongoja, wiki moja ya zamani inatoka kwenye madai.

Kuhusu usalama. Sheria za kazi za California zinawalinda wafanyakazi wote bila kujali hali yao ya uhamiaji, na mwajiri anayemtisha mtu kwamba atamripoti uhamiaji kwa sababu amedai haki yake, kitisho hicho chenyewe ni kosa. Na tangu mwaka 2024, mwajiri akimwadhibu mfanyakazi ndani ya siku 90 baada ya kudai, sheria inachukulia kwamba ni kisasi mpaka mwajiri aonyeshe vinginevyo. Siwezi kuwaahidi kwamba hakuna mwajiri atakayejaribu. Ninachosema ni kwamba akijaribu, mzigo wa kueleza uko kwake kwanza.

Tumeongea vya kutosha, sasa tuhesabu. Meza za nyuma zina karatasi zenye safu 7 za siku, na chini ya kila siku nafasi tatu: za kawaida, za mara moja na nusu, za maradufu. Wenye hati za mshahara wazitoe. Kaeni kwa makundi ya kazi, wa hoteli pamoja, walinzi pamoja, wa maghala pamoja, kwa sababu waliofanya kazi mahali pamoja mara nyingi wamepunjwa kwa namna moja. Chukueni wiki moja tu, iliyokuwa ndefu kuliko zote. Andikeni kwanza siku ya kazi ya kampuni yenu huanza saa ngapi. Asiyejua aache nafasi wazi, na kesho akaulize.